Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, assalamu alaikum na hamjambo nyote mliofika.

Shughuli za mwaka za chama chetu cha biashara za teknolojia hapa Mombasa mnazijua. Mafunzo ya eTIMS, yaani ankara za kielektroniki za kodi, yalifanyika, yakarudiwa kwa waliochelewa, kwa kuwa tangu Januari mamlaka ya mapato, KRA, haitambui gharama isiyo na ankara hiyo. Wanafunzi wa vyuo walipokelewa kwa mafunzo ya kazini. Mei, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini huko kusini, kuna walionipigia simu kwa ukali utadhani mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Kikao cha Juni kiliahirishwa kwa maandamano ya Muswada wa Fedha.

Hesabu: tulianza na shilingi 780,000, zikaingia 640,000, tukatumia 535,000, tukakopesha 600,000, zimebaki 285,000. Mweka hazina ana vitabu.

Sasa hizo 600,000, maana najua ndizo zilizowaleta wengine leo. Walikuwapo waliotaka ofisi Nyali, yenye kibao na kiyoyozi. Kamati ikaamua fedha hizo zikopeshwe biashara tatu za wanachama, kila moja 200,000 bila riba. Nililisimamia jambo hilo na bado nalisimamia.

Ndugu zangu, nyaya za baharini zinaingilia hapa Mombasa. SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy 2010, LION2 2012, kisha DARE1 na PEACE. Intaneti ya nchi nzima inapita miguuni mwetu, ila kampuni, wawekezaji na mishahara viko Nairobi, na vijana wetu wakihitimu hupanda treni ya SGR wakaifuata huko. Kasi tunayo. Kijana hapati fedha ya kuanzia. Akienda benki anaulizwa hati ya ardhi, na katika ukanda huu wa pwani wa maili kumi mnajua wenyewe ni familia ngapi zimezika babu na bibi zao kwenye shamba lisilo na hati. Mali yake ni kompyuta na kichwa chake. Sasa sisi tukanunue viti vya kuzunguka?

Waliokopeshwa ni hawa. Wa kwanza ana mfumo wa mizani kwa wanunuzi wa korosho na embe Kilifi na Kwale: mkulima anapima, anapata ujumbe wa kilo zake papo hapo, analipwa kwa M-Pesa, na wakala hawezi tena kukata kilo mbili za "unyevu" kwa macho. Nani asiyejua mchezo huo? Wa pili ana programu inayomwarifu mwenye lori kontena lake limefikia wapi bandarini, asije akalipia siku za kulaza mzigo bila sababu. Wa tatu ana masanduku ya samaki yenye vipimo vya joto, ili barafu ikiyeyuka njiani mnunuzi ajue kabla samaki hawajaharibika.

Huyu wa tatu ni mpwa wangu. Sikulificha. Ombi lake lilipojadiliwa nilitoka nje, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha hivyo. Wa mizani amerejesha nusu, wa malori ameanza, wa samaki ameomba asubiriwe kaskazi, kwa kuwa wakati wa kusi wavuvi wengi hawatoki. Anayeijua bahari hataona ajabu. Safari za kukagua miradi hiyo nilizigharamia mwenyewe wala sikudai, ingawa risiti ninazo.

Kuna mmoja aliyeandika katika kundi la WhatsApp, usiku wa manane, kwamba chama kimekuwa duka la ukoo. Simtaji. Ila nimefungua daftari: ada yake ya mwisho ni ya mwaka 2021.

Na hapo tufike kwenye ada. Tuko 84, waliolipa ni 31. Kwa shilingi 6,000 kila mmoja, 318,000 ziko mifukoni mwenu. Akidi ilitimia mara moja tu mwaka mzima. Siku ya pilau na vyeti ukumbi hautoshi. Siku ya kikao, katibu na mimi tunahesabiana viti. Kisha uamuzi uliopitishwa na waliofika unaitwa wa mwenyekiti peke yake.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuzungumza na Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kaunti zote sita zianze kununua programu kwa vijana wa hapa kabla ya kuagiza Nairobi. Eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu nalo tunalitazama kwa makini. Suala la ofisi halijafungwa, litategemea fedha.

Uchaguzi unafuata baada ya swala. Fomu ziko kwa katibu. Kwa mujibu wa katiba yetu asiyelipa ada hapigi kura, na mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.