Kosa lilisomwa asubuhi kwa Kiswahili, masahihisho yakasomwa usiku kwa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji aliyeandika kwamba dawa ya waandishi wanaopotosha ni jela. Nimeisoma mara tatu. Hasira yake naielewa, maana mimi ni mmoja wa watu walioumizwa na habari isiyo kweli, na hasara yake naibeba mpaka leo. Lakini jela siitaki, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Nauza mahindi na maharage hapa Busia, upande wa Uganda. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu wa nafaka. Malori yalijaa barabarani, madereva wakalala chini ya matela, na bei ya gunia ikaanguka. Siku chache baadaye wenzetu wa Kenya walilegeza, wakaweka masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ni katika majuma hayo, mji mzima ukiwa umetega masikio, redio moja ya huku ilisoma katika taarifa ya saa moja asubuhi, kwa Kiswahili, kwamba stoo yangu imekutwa na mahindi yenye sumu na imefungwa. Waliitaja kwa jina.

Sampuli yenye sumu ilitoka stoo nyingine, ambayo jina lake linatofautiana na la kwangu kwa herufi moja tu. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza. Kutoka redioni mpaka stoo yangu ni dakika kumi kwa bodaboda, na hakuna aliyekuja hata kutazama kama mlango una kufuli la serikali.

Nilikwenda mwenyewe. Niliuliza mambo mawili: ni nani aliyewaambia, na watasahihisha lini. La kwanza walikataa kabisa kunijibu. La pili wakasema wataliangalia. Siku ya nne waliangalia: saa nne usiku, baada ya habari za michezo, msomaji alisoma sentensi mbili kwa Kiingereza. Wanunuzi wangu ni kina mama wa Bumala na Funyula, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, na madalali wa hapa sokoni. Saa nne usiku wamelala, na hata wangekuwa macho, mahindi hatuuziani kwa Kiingereza. Nilipojitetea wengi walinijibu kwa methali yetu wenyewe: lisemwalo lipo. Wanunuzi watatu wa miaka mingi hawakurudi tena.

Majirani waliniambia niende polisi. Wakati ule Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ilikuwa na kifungu cha 25, cha mawasiliano ya kuudhi, na redio ile ilikuwa imeweka taarifa hiyo mtandaoni pia. Mtangazaji angeweza kulala ndani siku hiyo hiyo. Nakiri kwamba nilitamani. Nilimwendea wakili mmoja mjini Tororo nikiwa nimeshafanya uamuzi, nikitaka tu anielekeze pa kuanzia.

Wakili alinipa kiti, akanihadithia kesi moja, na ndiyo iliyonigeuza. Septemba 1997 gazeti la Monitor lilichapa habari iliyonukuu jarida la nje, ikidai kwamba Rais Kabila wa Kongo ameilipa Uganda kwa dhahabu kwa msaada wa vita. Charles Onyango-Obbo, mhariri, na Andrew Mwenda, mwandishi, walikamatwa na kushtakiwa kwa kutangaza habari za uongo chini ya kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu. Hakimu aliwaachia. Wao hawakutosheka na kuachiwa, wakaendelea kukipinga kifungu chenyewe. Mahakama ya Katiba iliwakatalia. Wakapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 11 Februari 2004 kifungu kile kilifutwa.

Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Joseph Mulenga. Wakili alinisomea sehemu yake taratibu, akinifafanulia kwa Kiswahili. Kwa maneno yangu, jaji anasema kwamba kauli ya mtu haikosi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu mwingine anaiona ni ya uongo, ya makosa, yenye utata au isiyopendeza. Nilibisha hapo hapo: mbona ya kwangu ilikuwa uongo mtupu? Akaniuliza, ukiipa serikali ufunguo wa kumfunga aliyekosea juu ya stoo yako, kesho nani ataamua kipi ni uongo juu ya serikali? Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na swali hilo.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Munno, gazeti la Kanisa Katoliki lililoanza mwaka 1911. Lilikuwa la Kiluganda, naye Kiluganda alikijua cha kusikiliza tu, hivyo alimlipa kijana chai ili amsomee. Januari 1973 mhariri wake, Padre Clement Kiggundu, alikutwa amekufa ndani ya gari lililoteketea. Baba hakulisimulia tukio hilo hadi Amin alipoondoka, na hata baada ya hapo alilisimulia kwa sauti ya chini. Uganda Argus nayo, iliyokuwapo tangu 1955, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na serikali mwaka 1972 na kupewa jina Voice of Uganda. Zile sheria za uchochezi na habari za uongo walizitunga Waingereza, zikaingia katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika 1950, kisha kila serikali iliyofuata ikazikuta mezani na kuzitumia. Kifungu cha uchochezi kilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2010 tu. Kile cha mawasiliano ya kuudhi kilifutwa Januari 2023, majaji wakiona maneno yake hayana mpaka unaoeleweka. Na kabla hakijafutwa, Oktoba 2022 Rais alishatia saini marekebisho ya sheria ile ile, yaliyoweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa anayesambaza habari zenye nia mbaya. Nia mbaya inapimwa kwa mizani gani? Mimi napima mahindi kila siku, na mizani yangu inakaguliwa na kupigwa muhuri.

Msomaji wako asinielewe vibaya. Ibara ya 29 ya Katiba inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na Ibara ya 43 inaweka mipaka: haki za mwingine, na maslahi ya umma yanayoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Mtu akikuchafulia jina, mahakama ya madai ipo. Nilipiga hesabu ya njia hiyo pia, nikaona gharama na miaka yake inazidi thamani ya stoo. Kashfa ya jinai nayo, yaani kumshtaki aliyekuchafulia jina kama mhalifu, ambayo Mahakama ya Katiba ilikataa kuifuta mwaka 2009, ni jela ile ile kwa jina lingine.

Nilichokitaka ni kitu kidogo, na nilishangaa kujua kwamba tayari kimeandikwa. Sheria ya Magazeti na Waandishi wa Habari ya mwaka 1995 ina jedwali la nne, lenye kanuni za maadili ya kazi hii. Mwandishi asitangaze habari wala madai kabla ya kuhakikisha ukweli wake. Asipokee rushwa. Asimnyime haki ya kujibu mtu anayestahili kujibu. Na afanye juhudi wakati wote kusahihisha alichokitangaza kikionekana si sahihi. Sheria hiyo hiyo iliunda Baraza la Vyombo vya Habari, na kazi yake mojawapo ni kusuluhisha ugomvi kati ya wananchi na vyombo vya habari. Baraza liko Kampala, karibu kilomita 200 kutoka hapa, na sijakutana na mtu yeyote sokoni aliyewahi kulisikia. Kanuni zenyewe sijawahi kuziona kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005.

Kuna jambo moja nililomkasirikia mtangazaji yule ambalo leo nasema alikuwa sahihi. Alikataa kunitajia aliyempa habari. Sheria ya 1995 inasema mwandishi halazimishwi kutaja chanzo chake isipokuwa kwa ridhaa ya aliyempa habari au kwa amri ya mahakama, na maadili yanamtaka akilinde. Mei 2013 polisi walizifunga ofisi za Monitor na redio zake mbili, KFM na Dembe, kwa siku kumi, wakitafuta barua ya Jenerali Sejusa, aliyekuwa mratibu wa idara za ujasusi, na aliyeileta. Nilipokuwa naisoma habari hiyo nilimkumbuka karani aliyenionyesha kimyakimya karatasi yenye jina la stoo iliyokutwa na sumu kweli. Aliniomba nisimtaje. Sijamtaja, na hata katika barua hii sisemi ni karani wa wapi. Angekuwa amemwonyesha mwandishi badala yangu, ningetaka naye amfiche hivyo hivyo.

Kwa hiyo ombi langu halihusu polisi, linakuhusu wewe, Mhariri, na wenzako wa redio. Kosa likitoka ukurasa wa kwanza, masahihisho yasitupwe ukurasa wa ishirini chini ya tangazo la viwanja. Kosa likisomwa saa moja asubuhi kwa Kiswahili, masahihisho yasomwe saa moja asubuhi kwa Kiswahili, na jina la aliyekosewa litajwe wazi kama lilivyotajwa siku ya kosa. Yasingoje siku nne, maana kwa siku nne mnunuzi wa mahindi ameshapata stoo nyingine. Na kabla ya yote, pigeni simu. Gharama ya simu moja kwangu asubuhi ile isingefika hata bei ya chapati.

Najua waandishi wa huku mpakani wanalipwa kwa habari moja moja, na malipo yenyewe hayakidhi nauli. Anayelipwa hivyo atakimbilia habari ijayo kabla hajaikagua ya leo, na hilo ni la wenye vyombo kulijibu. Ningefurahi kusoma barua ya mmoja wao katika ukurasa huu huu.

Juzi mnunuzi kutoka Bumala, mtu mzima niliyemfahamu tangu stoo ikiwa bado ya mabati, alinikuta sokoni akanisalimu vizuri, kisha akaniuliza kama walishanifungulia. Nilimwambia stoo haikuwahi kufungwa hata siku moja. Alinitazama kwa huruma, akanunua kwa jirani.

Wako,
Mfanyabiashara wa nafaka, Busia
(Jina langu unalo, naomba ulihifadhi)