Majivu ya nyota hayajazimika

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Uliniuliza watu wanajuaje yaliyotokea ndani ya nyota ilipolipuka, ilhali hakuna aliyechungulia mle. Nimekawia kujibu kwa sababu swali lako liliniibia usiku mbili.

Chukua Cassiopeia A, masalia ya nyota yaliyo umbali wa miaka nuru 11,000 hivi. Mwanga wa mlipuko wake ulitufikia mwishoni mwa karne ya 17. Darubini za eksirei zilikwisha kuona chuma mle, lakini chuma hicho hung'aa pale tu kilipopashwa moto na wimbi la mshtuko. Kilichopoa hakionekani. Kwa hiyo picha ile ilituonyesha wimbi lilikopita, si mlipuko wenyewe ulivyokuwa.

Titani-44, aina mojawapo ya metali ya titani, haina shida hiyo. Huundwa kilindini kabisa, karibu na mpaka wa kinachorushwa nje na kinachodidimia kuwa nyota ya nyutroni, yaani kile kiini kilichoshindiliwa mno kinachobaki. Kwa kuwa ni nururifu, yaani atomi zake hugeuka zenyewe kuwa za aina nyingine, nusu yake huoza kila baada ya miaka 60 hivi, na ikioza hutoa eksirei zake yenyewe, iwe moto au baridi. Tangu mlipuko ule imepungua nusu mara tano na ushei, na bado iliyobaki inaonekana!

Darubini ya NuSTAR, iliyorushwa na Marekani mwaka 2012, ndiyo iliyochora ramani yake. Wapo waliotarajia tufe, wengine michirizi miwili iliyonyooka. Yakaonekana mabonge, huku mengi na kule machache. Maana yake kiini kilikuwa kikitokota na kuyumba kama maji chunguni kabla ya kupasuka. Tena titani nyingi imekwenda upande mmoja, na nyota ya nyutroni upande wa pili, kama bunduki inavyompiga teke mpigaji. Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini.

Nyota nyingine, ile iliyoonekana ikilipuka mwaka 1987, nitakueleza siku nyingine. Kwa leo jua tu kwamba mwanga wake ulififia kwa mwendo uleule wa kobalti-56, metali nyingine nururifu, ambayo nusu yake huoza kwa siku 77.

Nyuma ya karatasi nimekuchorea ramani. Wino wa bluu ni titani, nukta nyeusi ni nyota ya nyutroni. Usicheke mchoro.

Wako,
Idrisa