YAH: Yule dada kiziwi mmempeleka wapi?

Kwa idara ya tamthilia,

Habari za kazi. Hii ni mara ya pili naandika, mara ya kwanza mlinijibu mistari mitatu kwamba mnathamini maoni ya watazamaji na mambo yanafanyiwa kazi taratibu, basi leo mnivumilie naandika kirefu.

Tamthilia yenu naiangalia tangu msimu wa kwanza, mimi na mdogo wangu ambaye ni kiziwi wa kuzaliwa. Mlipomleta yule dada fundi cherehani asiyesikia jamani tulifurahi, mdogo wangu alisogeza kiti mpaka karibu aguse tivii. Furaha ikaisha episodi hiyohiyo. Muigizaji mwenyewe anasikia vizuri tu na ile lugha ya alama yake hata sijui ni ya wapi, mdogo wangu ananiuliza huyu anasema nini, na mimi niliyeizoea lugha hiyo miaka yote sina jibu. Halafu kamera yenu, kila dada akianza kuongea mnavuta sura mpaka kidevuni, mikono inabaki nje ya picha! Ni sawa na kuzima sauti mtu akiwa katikati ya sentensi, na maandishi ya chini hamkuweka. Kuna na kile kipande mchumba wake anamsemesha kutokea nyuma, gizani, na dada anajibu. Anasoma midomo kwa kisogo?

Haya, hayo ya ufundi yanarekebishika. Linaloniuma ni mlivyommaliza. Episodi kama nane kazi yake kulia na kuonewa huruma, akafanyiwa operesheni, akafumbua macho anasikia kila kitu, vigelegele, wiki iliyofuata hayupo na hakuna aliyemtaja mpaka leo. Yaani uziwi ulipokwisha na ajira ikaisha. Yule kaka wa kiti cha magurudumu naye mlimuua tu, nadhani hata nyie mmemsahau.

Na hiyo operesheni mngeuliza hata daktari mmoja. Kifaa cha kupandikiza sikioni kinawashwa wiki kadhaa baadaye, mtu anaanza kujifunza sauti upya miezi na miezi, wengine inawasaidia sana wengine kidogo, na akivua kile kipande chake cha nje usiku akalala ni kiziwi vilevile.

Msiniambie ni ngumu. Mwaka 1966 kule Marekani Star Trek, tamthilia ya chombo cha anga, ilimpa Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, nafasi ya afisa wa mawasiliano, na jina Uhura wakalitoa kwenye neno letu uhuru. Yupo kazini, basi, hakuna episodi nane za kueleza kwa nini yupo. Mwenyewe alisimulia kwamba alitaka kuacha na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Silent Witness, tamthilia ya uchunguzi wa vifo ya Uingereza, ilikuwa na Liz Carr kuanzia 2013 mpaka 2020, anatumia kiti cha magurudumu kwenye maisha yake halisi, humo ndani ni mtaalamu wa maabara na mdomo anao (huyo ndiye ninayempenda kuliko wote). EastEnders, tamthilia ya mtaani ya hukohuko Uingereza, mwaka 2020 wakamchukua Rose Ayling-Ellis, kiziwi kweli, aigize binti kiziwi mwenye mambo yake ya familia kama wengine wote pale mtaani.

Na hilo neno taratibu mlitumie kwa uangalifu, Coronation Street, tamthilia nyingine ya Uingereza ya maisha ya mtaa mmoja, ilianza 1960, familia ya kwanza ya watu weusi ikahamia mtaa ule 2019. Kwa taratibu hiyo mdogo wangu atakuwa babu.

Ninachoomba sio kikubwa. Tafuteni viziwi wenyewe waigize, na mmoja akae na waandishi skripti inapoandikwa, sio mnamwita siku ya kushuti awafundishe salamu mbili. Maandishi ya chini yawepo kila episodi pamoja na za marudio. Halafu yule dada mrudisheni, na kifaa chake sikioni, akichoka na makelele akivue. Mpeni cherehani yake, mpeni na deni na jirani mkorofi, amtapeli hata mtu mmoja, mbona wenzake wote pale ni matapeli.

Jibu nalisubiri, safari hii lizidi mistari mitatu.

Mimi mtazamaji wenu (bado)