Kabla Hujatuletea Kifyatulio Ulichonunua Mtandaoni

Bahasha za vipuri siku hizi zinatufikia karakanani, hapa Texas, kabla ya bastola zenyewe. Mteja kaagiza kifyatulio chekundu cha alumini, kimempendeza machoni, kisha anapiga simu: "Fundi, nipachikie hiki, nimechoka kukosa shabaha." Swali langu la kwanza huwa ni moja tu: risasi zako zinaangukia wapi? Na jibu mara nyingi ni lile lile. Chini, kushoto.

Ukiwa unatumia mkono wa kulia na matundu yako yamejikusanya chini kushoto, usifungue pochi kwanza. Kinachobanwa hapo si kifyatulio peke yake, ni kiganja kizima, tena sekunde ileile unayongojea mshindo. Kifyatulio cha dola 150 hakitibu woga wa mshindo. Toa risasi zote, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, ni tupu kwa macho na kwa kidole, zipeleke risasi chumba kingine kabisa, elekeza bastola mahali salama, weka sarafu ya senti 25 juu yake karibu na mlengeo wa mbele, kisha bana. Sarafu ikianguka, tatizo umelijua, na dawa yake ni bure.

Hata hivyo sisemi kifyatulio hakina neno. Chukua Glock 17, bastola tunayoiona kuliko zote. Ikiwa na risasi zake 17 ina uzito wa karibu gramu 900. Kifyatulio cha kiwandani kinadai nguvu ya takribani pauni 5.5, yaani kilo 2 na nusu. Kidole kimoja kinavuta nguvu ya karibu mara tatu ya uzito wa kitu unachojaribu kukishika kitulie! Ndiyo maana mvuto ulio mlaini na usiobadilika humsaidia mtu aliyekwisha jifunza kushika vizuri. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi walibeba Glock zenye kifyatulio cha pauni 12, kwa makusudi, ili kidole kisifyatue kwa bahati mbaya. Waulize waliowahi kufyatua nazo.

Watu husema tu "kizito" au "chepesi", lakini kidole kinasoma zaidi ya hapo. Kwanza kuna nafasi tupu, kifyatulio kinarudi nyuma kwa upinzani mdogo tu. Halafu unagonga ukuta. Ukiongeza nguvu ukuta unakatika na risasi inatoka, kifyatulio kinaendelea kidogo nyuma bila kazi, kisha ukilegeza kidole unasikia "ta": kimejishika tena, tayari kwa risasi ya pili. Mtu anayelalamika kwamba kifyatulio chake ni kizito, ukimkalisha mezani, mara nyingi analalamikia ukuta ulio kama ugali mbichi, haujulikani unaanzia wapi. Bastola za Smith & Wesson M&P zile za kwanza, zilizotoka 2005, zilisemwa sana kwa hilo na kwa "ta" isiyosikika vizuri; hapo ndipo kampuni ya Apex Tactical ilipojipatia jina kwa vipuri vya kupachika.

Kwenye Glock kuna njia ya bei nafuu ambayo napenda kuanza nayo: kibati kidogo kiitwacho konekta. Kile cha Glock wenyewe chenye alama ya kutoa (-) kinapunguza mvuto kwa takribani pauni moja, na bei yake haifikii chakula cha jioni cha watu wawili. Springi, ndizo zinazowachanganya watu. Katika Glock za vizazi vya awali springi ya kifyatulio inakisaidia kidole, haishindani nacho. Kwa hiyo ukifunga iliyo na nguvu zaidi, kifyatulio kinakuwa chepesi. Wateja kadhaa wameagiza kinyume kwa sababu hiyo. Springi ya pini ya kugonga ni habari nyingine. Ukiilegeza, mvuto unapungua, lakini pini nayo inagonga kwa unyonge, na risasi yenye kitako kigumu inabaki kimya. Uwanjani utacheka. Usiku, mtu akivunja mlango, hutacheka.

Sasa hilo neno "cha kupachika". Maana yake ni kwamba kipuri kinaingia bila kupigwa tupa. Halina maana kwamba hakihitaji kupimwa. Mteja mmoja, dereva wa malori, alifunga seti ya kifyatulio mwenyewe mezani jikoni na kazi ilikuwa safi kabisa kwa macho. Seti ilikuwa na skrubu ya kupunguza ile nafasi tupu, naye akaikaza mpaka mwisho kwa kuwa alipenda ufupi wake. Nilipokisukuma kifyatulio kwa pembeni, bila kugusa ule ulimi mdogo ulio katikati yake, kikarudi nyuma. Ulimi ule ni moja ya kinga tatu za Glock, na ulikuwa haushiki tena.

Kwa nini ulimi ule upo? Fikiria abiria wa daladala dereva anapokanyaga breki ghafla: gari limesimama, wao bado wanakwenda. Bastola ikianguka na kutua kwa kisogo, kifyatulio nacho ni abiria. Kikiwa na uzito wa kutosha na hakuna kinachokizuia, kinajivuta chenyewe. Agosti 2017 watengenezaji SIG Sauer walitangaza kuzifanyia marekebisho bastola zao za P320 baada ya majaribio kuonyesha zinaweza kufyatuka zikidondoka kwa pembe fulani, na miongoni mwa mabadiliko yao kilikuwa kifyatulio chepesi zaidi kwa uzito wake chenyewe. Zingatia hilo kabla ya kuondoa plastiki na kuweka chuma.

Kwa hiyo unapotulipa, kupachika ni dakika ishirini. Unalipia vipimo: mvuto mara kumi kwa mizani, kinga moja moja, risasi za mazoezi zisizo na baruti, kisha risasi hai uwanjani, zile unazotumia wewe. Bastola ya kubeba kiunoni hatuishushi chini ya pauni 4 na nusu, hata ukiomba vipi. Ya mashindano tutazungumza.

Mengine kwa ufupi. Kile kidude cha kuifanya bastola imwage risasi mfululizo usikitaje humu; kisheria ni sawa na bunduki ya rashasha na kifungo chake kinafika miaka 10. Vipuri vya kupeleka nyumbani Kenya au Kongo hatuuzi. Na ndugu mlioko kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya serikali kuu kwa kawaida inawakataza kumiliki silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Zungumzeni na wakili kwanza.

Ukija, bastola iwe tupu ndani ya sanduku lililofungwa, magazini kando, pamoja na kasha moja la risasi zako za kawaida. Vipuri vya kiwandani tutakurudishia kwenye mfuko wenye jina lako. Usivitupe, utavihitaji siku ukitaka kuiuza.