Riwaya za kuliza zipo, tuzisome

Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo. Watu wakitafuta riwaya za huzuni wanapewa za mapenzi tu, wakati zipo nzito zaidi. Anza na Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), binti anabanwa na baba mkali mpaka siku akipata uhuru hajui aushike vipi, na mwisho wake unauma kwelikweli. Ila usiishie hapo jamani, shika na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anafungiwa ndani, anatoroka, anazama kwenye ulevi na ukahaba halafu anainuka, tena pole pole, bila muujiza wowote, na mi ndo hapo panaponishika zaidi. Tafadhali tuwekeeni kona ya vitabu gazetini, hata robo ukurasa.

Msomaji wenu