Barua kutoka Milima ya Lesotho

Semonkong, Lesotho
Agosti

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, ingawa midomo imepasuka kwa baridi na visigino vimejaa malengelenge. Uliniomba nikueleze safari hii ilivyo, nami nakueleza kwamba haipiti siku bila jambo kuharibika.

Nchi hii yote imekaa juu. Sehemu yake ya chini kabisa iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Thabana Ntlenyana, kinafikia mita 3,482. Kijiji kilicho ng'ambo ya korongo, karibu kiasi cha kuwasikia mbwa wake wakibweka, huweza kukuchukua nusu siku kukifikia, kwa kuwa ni lazima ushuke mpaka mtoni, uvuke, kisha ukwee upande wa pili ukiwa na mzigo wote mgongoni. Nimeacha kuuliza umbali kwa kilomita. Sasa huwauliza wenyeji jua litakuwa wapi nitakapofika, nao hunijibu sawasawa.

Mkosi wa kwanza ulinipata mpakani. Njia ya Sani, inayopanda kutoka Afrika Kusini hadi mita 2,876, ilikuwa imefungwa kwa theluji na barafu, nikakaa bondeni nikisubiri ifunguliwe. Usiku wa kwanza huko juu, maji yaliganda kwenye chupa ndani ya hema, na buti nilizozivua zikiwa na unyevu zilikuwa ngumu kama mbao kulipokucha. Fedha nazo zinahitaji uangalifu: randi ya Afrika Kusini hupokewa sawa na loti, fedha ya hapa, lakini chenji hurudi kwa maloti (ndio wingi wa loti), na maloti hayo ukivuka nayo mpaka ni vigumu kumpata wa kuyapokea.

Lililonitisha kuliko yote ni ukungu. Nilikuwa natembea kutoka Malealea kuja hapa, kwa njia ya farasi inayopita maporomoko ya Ribaneng na Ketane, na siku moja baada ya adhuhuri ukungu ulishuka ghafla hata nisiione njia niliyokanyaga. Mbwa walinifikia kwanza, wakali, wakanizunguka. Kisha ikasikika mluzi, wakanyamaza, na akatokea kijana mchungaji aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni. Nilimwambia, "Lumela, abuti," yaani "Hujambo, kaka," nacho ndicho karibu Kisotho chote nilichokuwa nacho. Hakuniuliza kitu. Alitangulia, akasimama kila nilipochelewa, akanifikisha kwenye kibanda chake cha mawe, tukaota moto wa samadi mpaka ukungu ukainuka.

Salma, kijana yule ni mdogo sana. Vijana kama yeye hukaa milimani na mifugo, mara nyingi ya watu wengine, wakati wenzao wako darasani, na jambo hilo linaniuma kuliko baridi yote niliyoipata.

Hapa Semonkong nimeyaona maporomoko ya Maletsunyane, yanayoanguka mita 192 kwa mkupuo mmoja, nami nilikaa ukingoni mpaka vidole vikafa ganzi. Kesho nitapanda basi dogo kwenda Maseru, ikiwa litajaa mapema, kwani haliondoki kabla ya kujaa. Buti zinahitaji kushonwa upya, na huko nitatafuta fundi. Niandikie habari za mama, na uniambie kama mguu wake umepona.

Rafiki yako akupendaye,
Rehema