Kuzaliwa kifungoni si kuzalishwa kifungoni

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie biashara isiyosikika sana hapa nchini, ingawa mali inayouzwa ni yetu. Kuna nyoka wawili wasiopatikana porini popote duniani ila Kenya: kifutu mdogo mwenye vijipembe juu ya macho, Bitis worthingtoni, wa Bonde la Ufa pande hizi za Naivasha; na Atheris desaixi wa mitini, mweusi mwenye magamba ya kingo za manjano, anayeishi misitu ya Chuka na Nyambene. Wafugaji wa ng'ambo huwatafuta, na muuzaji hutanguliza neno la kumtuliza mnunuzi: huyu amezaliwa kifungoni.

Neno hilo laweza kuwa kweli tupu, na hapo ndipo hila ilipo. Nyoka hawa hawatagi, huzaa. Mtu akimkamata jike mwenye mimba kati ya mawe, akamtia katika mfuko wa kitambaa na kumvusha mpaka, watoto watakaotoka baadaye ndani ya sanduku la plastiki watakuwa wamezaliwa kifungoni, ilhali hakuna aliyewazalisha. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, ambao uliwaingiza nyoka hawa katika Kiambatisho cha II (orodha ya viumbe wanaouzwa nje kwa kibali tu) mwaka 2016 kwa pendekezo la Kenya, unalitambua jambo hili. Herufi C kwenye kibali, yaani aliyezalishwa kifungoni, hudai wazazi waliopatikana kihalali na ufugaji uliofikia kizazi cha pili, au uliothibitika kuwa unaweza kukifikia. Aliyezaliwa kizimbani bila kutimiza hayo huandikiwa F. Tatizo ni kwamba vibali hivyo ni vya kuvukia mpaka. Nyoka akishakuwa upande wa pili, mnunuzi wa sebuleni mara nyingi husikia neno tu, wala haoni herufi.

Sipingi ufugaji wenyewe. Ukoo uliotunzwa vizazi kadhaa unaweza kweli kupunguza hamu ya kwenda kupekua mawe yetu. (Najua pia majirani zangu watacheka, kwa kuwa hapa kifutu hupokewa kwa jembe. Mwaka jana niliwazuia wavulana wawili wasimpige mmoja aliyekuwa mfupi kuliko rula ya ubaoni, amejivimbisha na kufoka kama sufuria inayochemka. Walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.) Lakini muuzaji anayejivunia kizazi cha tatu bado anauza tunda la jozi ya kwanza, na jozi hiyo haikuwa na kwingine kwa kutoka isipokuwa nchi hii, ambayo ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977.

Kwa hiyo mnunuzi, awe Berlin au Chicago, asiulize kama nyoka amezaliwa kifungoni. Aulize bibi wa nyoka huyo alitoka Kenya mwaka gani, kwa kibali cha nani, na asitoe pesa kabla ya kukiona.

Mwalimu mstaafu,
Naivasha